Wastani Usikudanganye: Jinsi ya Kuunda Modeli ya Miruko ya Macho katika Utafiti wa Magonjwa ya Akili

Karibu kila muhula hunijia mwanafunzi na laptop begani na swali lilelile: ana data ya macho ya wagonjwa na ya watu wasiougua, sasa atumie mbinu gani ili kompyuta imtambue mgonjwa? Jibu langu huwaudhi wengi. Hiyo kompyuta ya kutambua wagonjwa iweke kando kwanza. Itakupa asilimia nzuri ya kujivunia, halafu siku ya kutetea tasnifu mtahini atauliza ni kitu gani hasa kilichobadilika kichwani mwa mgonjwa, nawe utabaki ukitazama dari.

Modeli ninayoizungumzia hapa ni ya aina nyingine. Ni hesabu fupi inayojaribu kueleza kinachotokea tangu nukta iwake kwenye skrini hadi jicho liruke kuifuata. Inaandikika kwa Python au R alasiri moja. Kazi kubwa iko kabla yake na baada yake.

Kwanza, kwa nini macho? Mwaka 1908 Diefendorf na Dodge, Wamarekani wawili, walipiga picha miondoko ya macho ya wagonjwa na kuona kwamba wengi wa wale ambao leo tungesema wana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, hawakuweza kufuata kitu kinachosogea taratibu bila macho kurukaruka. Miaka miwili baadaye ndipo Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, ikafunguliwa hapa Nairobi. Ugunduzi ule ulilala hadi 1973, Philip Holzman na wenzake walipoufufua, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba hata baadhi ya ndugu wa damu wasiougua wana kasoro hiyohiyo. Hapo ndipo watafiti walipoamka: jicho lilikuwa linaonyesha kitu kinachotembea katika familia, hata pale ambapo ugonjwa wenyewe haujajitokeza.

Hatua ya 1: Chagua jaribio moja

Mgeni wa fani hii hutaka kupima kila kitu: kufuata nukta, kutazama picha, kusoma aya. Shika moja. Ninapendekeza miruko ya kawaida na miruko ya kinyume, hii ya pili ikiwa imeasisiwa na Peter Hallett mwaka 1978. Katika ile ya kawaida, mshiriki anakazia macho alama ya katikati. Nukta inawaka kulia au kushoto, anaitazama. Katika ile ya kinyume, nukta ikiwaka kulia anatakiwa atazame kushoto, umbali uleule, bila kuigusa nukta kwa jicho.

Inaonekana mchezo wa watoto hadi ujaribu. Mama mmoja niliyempima, umri wa mamangu, alisikiliza maelezo kwa makini akaniambia, "Nimeelewa mwanangu, anza." Nukta ya kwanza ikawaka kulia. Macho yake yakakimbilia kulia, yakasita, yakarudi kushoto mbio. Akacheka. "Haya macho yana kichwa ngumu." Nukta ya pili, vilevile. Ya tatu akaweza.

Tazama kilichotokea kwake. Alijua anachotakiwa kufanya, na alijirekebisha mwenyewe bila kuambiwa. Kosa halikuwa la kutoelewa maelezo. Lilikuwa la kushindwa kumzuia farasi asitoke zizini. Hata watu wasiougua hukosea mara kadhaa katika kila nukta mia. Wenye skizofrenia hukosea zaidi sana, na wengi wao hujirekebisha kama mama yule. Kwa hiyo rekodi makosa na marekebisho yake yote. Anayefuta majaribio yaliyokosewa "ili data iwe safi" amefuta utafiti wake.

Maelezo kwa mshiriki yaandike neno kwa neno na uyasome vilevile kwa kila mtu. "Tazama kinyume" huwachanganya wengi, wengine hudhani ni kugeuza kichwa. Mimi husema: "Nukta ikiwaka, usiifuate. Peleka macho upande wa pili." Kama mshiriki anaelewa Kikuyu au Kikamba vizuri zaidi, tafsiri iandaliwe mapema, si kubuniwa pale mlangoni.

Hatua ya 2: Vibali

Unahitaji idhini ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya serikali inayosimamia utafiti), na ruhusa ya hospitali yenyewe, kwa utaratibu huo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni taarifa nyeti. Majina yakae kwenye faili moja, data ya macho kwenye nyingine, na namba pekee ziziunganishe. Tenga miezi, si wiki.

Hatua ya 3: Kifaa na chumba

Swali la kwanza la kila mtu ni kama kamera ya laptop inatosha. Kwa kujua mtu alitazama upande gani wa picha, pengine. Kwa kazi hii, hapana, na hesabu yake ni hii. Mruko wa digrii 10 huchukua takriban milisekunde 43. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde hupiga fremu moja kila milisekunde 33. Yaani mruko mzima unaingia katika fremu moja au mbili, na wakati wa kuanza kwake unaukisia tu. Kifaa cha hezi 500 hupima kila milisekunde 2, kwa hiyo mruko uleule unakupa vipimo zaidi ya 20. Kama chuo chako hakina kifaa, tafuta idara iliyo nacho uombe saa zake za jioni. Ni bora wiki mbili za kuazima kuliko mwaka mzima wa data isiyosema kitu.

Vifaa hivi hutumia mwanga wa infraredi, jambo linalotufaa sisi wenye macho meusi. Kwenye mwanga wa kawaida mboni nyeusi humezwa na weusi wa duara linaloizunguka, kamera isijue pa kushika. Kwenye infraredi duara lile hung'aa na mboni hubaki shimo jeusi. Tatizo letu liko kwingine: wanja. Kamera inatafuta kitu cheusi, na wanja mzito au kope za bandia ni vitu vyeusi pia, basi nusu ya rekodi itakuwa inafuatilia ukingo wa kope. Mwambie mshiriki siku moja kabla, kwa heshima, na uweke pamba na maji karibu.

Jua nalo lina infraredi nyingi. Dirisha linaloangalia magharibi saa kumi alasiri litakuharibia kila kitu. Pazia zito la kitambaa cheusi hukata mzizi wa fitina.

Weka macho sentimita 57 kutoka kwenye skrini. Namba hii si ya kubuni: kwa umbali huo sentimita 1 kwenye skrini ni karibu sawa na digrii 1 ya jicho, kwa hiyo nukta iliyo sentimita 10 kutoka katikati iko digrii 10. Kidevu kikae kwenye kitegemeo. Fanya kalibresheni, yaani kukioanisha kifaa na macho ya mshiriki, upya kila baada ya mapumziko, hata mshiriki akiapa hajasogea.

Na stima. Ikipotea katikati ya kipindi, data ya nusu ya kwanza na ya nusu ya pili si data ya kipindi kimoja tena. Mshiriki amepumzika, amepiga gumzo, amekunywa chai. Nunua betri ya akiba. Kama huna, andika saa ambayo stima ilipotea na iliporudi.

Hatua ya 4: Uliza dawa kabla ya kuuliza jina

Hapa nilijikwaa mwenyewe. Katika kliniki moja ya jijini niliwapima wagonjwa kumi na wawili kwa siku tatu, nikaona miruko yao ina kasi ndogo kuliko ya kundi la kulinganisha, nikaanza kuandika muhtasari kichwani. Siku ya nne sista mmoja akasimama mlangoni na trei mkononi, akanitazama kwa muda. "Kijana, hawa unawapima kabla ya kumeza au baada?"

Baada. Wote. Na watano kati yao walikuwa wanatumia dawa za kundi la diazepam, ambazo zinajulikana sana kwa kupunguza kasi ya juu ya mruko. Nilikuwa nimepima kidonge. Nikarudi mwanzo.

Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi imemezwa. Carbamazepine, wanayopewa baadhi ya wenye maradhi ya hisia na wenye kifafa, inaweza kufanya macho yachezecheze yenyewe. Nikotini huathiri matokeo ya miruko ya kinyume, kwa hiyo uliza sigara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Uliza miraa na muguka bila sauti ya kuhukumu, maana navyo ni vichangamshi, na ukiuliza kwa kukunja uso utadanganywa. Uliza pia alilala saa ngapi jana. Aliyetoka Kitengela saa kumi na moja alfajiri kuwahi miadi ana macho ya uchovu, awe anaumwa au haumwi. Maswali hayohayo waulize watu wa kundi la kulinganisha.

Hatua ya 5: Safisha, lakini kwa kanuni

Kifaa kinakupa msururu wa mahali jicho lilipo. Geuza mahali kuwa kasi, kisha uite mruko kila pale kasi inapopita kizingiti. Digrii 30 kwa sekunde ni mwanzo unaokubalika. Ondoa kupepesa, na milisekunde kadhaa kabla na baada yake.

Sasa hakikisha ulichokamata ni miruko kweli. Mwaka 1975 Bahill, Clark na Stark walielezea uhusiano unaotabirika kati ya ukubwa wa mruko na kasi yake ya juu: mruko mkubwa zaidi, kasi kubwa zaidi, hadi pale kasi inapokaribia ukomo. Chora ukubwa dhidi ya kasi. Mruko wa digrii 10 kwa mtu asiyetumia dawa hufika takriban digrii 300 hadi 400 kwa sekunde. Ukiona nukta zimetapakaa kama mtama uliomwagika, usiendelee. Una tatizo la kalibresheni au la wanja.

Miruko iliyoanza chini ya milisekunde 80 baada ya nukta kuwaka iweke kando kama ya kubahatisha, kwa kuwa habari haijapata muda wa kutoka jichoni hadi kwenye misuli. Andika ni mingapi uliyoondoa kwa kila mtu. Mtu anayebahatisha sana anakueleza jambo.

Hatua ya 6: Modeli yenyewe

Inaitwa LATER. Ni ya Roger Carpenter wa Cambridge, na makala aliyoandika na Williams mwaka 1995 ndiyo mlango wa kuingilia. Kondakta yeyote wa Ngara ataielewa.

Matatu imesimama stendi. Haiondoki hadi ijae. Abiria ni ushahidi kwamba nukta iko kulia. Viti ni kizingiti. Kuondoka ni mruko. Ndani ya safari moja abiria huingia kwa kasi isiyobadilika, lakini safari moja huwa na kasi kubwa na nyingine ndogo, kwa mtawanyiko wa umbo la kengele. Basi. Muda wa kuanza ni kizingiti kugawanywa kwa kasi.

Kutokana na mgawanyo huo, muda wenyewe hauna umbo la kengele. Una mkia mrefu upande wa kuchelewa. Chukua mtu ambaye kasi yake ya wastani ni 5 kwa sekunde na mtawanyiko (standard deviation) wa 1, kizingiti tukikiita 1. Kasi ya 5 inampa milisekunde 200. Ikiongezeka hadi 6, anaanza kwa 167. Ikipungua hadi 4, kwa 250. Hatua moja sawa ya kasi, lakini upande mmoja amewahi kwa 33 na upande wa pili amechelewa kwa 50. Ukienda hatua mbili unapata 143 na 333. Ndiyo sababu wastani wa milisekunde haufai: unavutwa na mkia. Geuza kila muda uwe 1 gawanya kwa muda, halafu ndipo utafute wastani na mtawanyiko. Kwa toleo rahisi la modeli, hiyo ndiyo kazi yote ya kukadiria vigezo.

Sasa sehemu ninayotaka usome mara mbili. Matatu inaweza kuchelewa kwa njia mbili. Abiria wamepungua, au kondakta ameongeza viti vya mbao katikati na hataki kuondoka hadi navyo vijae. Mtu wetu wa milisekunde 200 akipunguziwa abiria, kasi inashuka hadi 4 na mtawanyiko unabaki 1. Akiongezewa kizingiti kwa robo, kila kitu kinagawanywa kwa 1.25: kasi inakuwa 4, mtawanyiko 0.8. Wote wawili sasa wana mediani, yaani muda wa katikati, ya milisekunde 250. Kwa jedwali la kawaida la takwimu ni mtu yuleyule. Lakini gawanya wastani kwa mtawanyiko: aliyeongezewa viti bado ana 5, kama mwanzo, aliyepungukiwa abiria ana 4. Na katika mruko mmoja kati ya arobaini na kitu iliyochelewa kabisa, wa viti hufika milisekunde 417 na wa abiria 500.

Mmoja ni mwangalifu. Mwingine ushahidi unamfikia polepole. Kwa daktari hayo ni mambo mawili tofauti, na wastani uliyafunika kwa shuka moja.

Onyo: kwa mtu mmoja katika hali moja, modeli haijui kizingiti kina ukubwa gani, ndiyo maana tulikiita 1. Kutofautisha viti na abiria kunataka hali mbili ndani ya mtu yuleyule, kwa mfano mara moja umwambie awahi na mara nyingine umwambie asikosee. Reddi na Carpenter walifanya hivyo mwaka 2000 wakaona kwamba kuharakishwa hugusa kizingiti. Kumlinganisha mgonjwa na jirani yake moja kwa moja, ukadai "kizingiti chake kiko juu," ni kudhani kwamba mtawanyiko wa kasi wao ni sawa. Ukidhani, sema umedhani.

Hatua ya 7: Data ya uongo

Hatua hii ilipaswa kuwa ya kwanza. Nimeiweka hapa kwa kuwa isingeeleweka bila ya sita, lakini wewe ifanye kabla hujampigia mshiriki yeyote simu.

Iambie kompyuta itengeneze watu wa kubuni ambao vigezo vyao unavijua, kisha uvikadirie kana kwamba huvijui. Ukipewa miruko 25 kwa kila hali, kosa la kukadiria tofauti kati ya mtawanyiko wa 0.8 na wa 1 ni karibu 0.18, wakati tofauti yenyewe ni 0.2. Huoni kitu. Ukipewa miruko 200, kosa linashuka hadi karibu 0.06, na tofauti inaonekana. Hiyo ndiyo inayoamua urefu wa kipindi, wala si desturi ya maabara. Miruko 200 kwa kila hali ni mingi kwa mtu anayeumwa. Igawe katika vipindi vifupi, na chai katikati.

Hatua ya 8: Kosa la mama yule

LATER ya matatu moja haiwezi kueleza macho yaliyokimbilia kulia kisha yakarudi. Hapo unahitaji mbio. Matatu ya kwanza ni ya mazoea na hujaa upesi: nukta iko kulia, twende kulia. Ya pili ni ya makusudi, hujaa polepole, inaelekea kushoto. Wa tatu ni kanjo, askari wa jiji, anayekimbia kuizuia ya kwanza. Akiwahi, mruko ni sahihi. Akichelewa, kosa limetokea, na ile ya pili inakuja baadaye kama marekebisho.

Modeli ya SERIA, iliyotolewa na Aponte na wenzake mwaka 2017, imejengwa kwa wazo hilo. Faida yake ni kwamba wingi wa makosa unagawanyika katika sababu. Labda kanjo ni mzito. Labda matatu ya mazoea ina haraka kupita kiasi. Labda kanjo ni mzima kabisa na ile ya makusudi ndiyo yenye tatizo. Idadi ileile ya makosa, visa vitatu. Tumia msimbo uliokwisha kuchapishwa na waandishi badala ya kuandika wako, na ujaribu kwanza kwa data ya uongo.

Wapo watakaokutajia modeli za kufuata kitu kinachosogea, kama ile ya Adams, Perrinet na Friston ya 2012, inayosema kwamba katika skizofrenia ubongo hauziamini vya kutosha imani zake za ngazi za juu, hivyo nukta ikifichwa nyuma ya kizuizi jicho hupunguza kasi. Ni kazi nzuri sana na hesabu yake ni nzito. Iache kwa mwaka wa pili.

Hatua ya 9: Kulinganisha makundi

Usikadirie vigezo vya kila mtu peke yake kisha ukapiga wastani. Tumia modeli ya ngazi, ambamo watu wote wanakadiriwa pamoja na yule mwenye miruko michache anavutwa kidogo kuelekea kundi lake. Dawa, umri na usingizi viingie ndani ya modeli hiyohiyo. Kabla ya kuamini chochote, iambie modeli itengeneze data yake na uichore juu ya data halisi, mtu kwa mtu. Ikishindwa kwenye mikia, imeshindwa.

Hatua ya 10: Mshiriki akiuliza

Atauliza. "Daktari, macho yamesema nini?" Kwanza mwambie wewe si daktari, kama si daktari. Kisha mweleze kwamba kipimo hiki hakisemi kama mtu mmoja anaumwa au amepona. Watu wengi wasiougua hukosea, na wengi wanaougua hupatia. Mimi humgeuzia skrini nikamwonyesha mchoro wa mruko wake mmoja, pale jicho lilipotoka na lilipotua, na mlezi wake akiwepo naye aone. Mama yule aliutazama mchoro akauliza kama anaweza kupigiwa picha kwa simu akawaonyeshe wajukuu. Nikampigia. Nauli mpe kabla hajaiuliza, na iwe ya kwenda na kurudi.